Kihamba: bustani ya ghorofa mlimani Kilimanjaro

Kihamba ni shamba la nyumbani la Wachaga. Mgeni akipita Uru, Kibosho au Marangu hudhani ni msitu, kumbe kila mmea una nafasi yake. Miti mirefu kama mringaringa na mgrevilea ndiyo paa. Hupunguza makali ya jua na kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Chini yake ipo migomba, kisha kahawa, na karibu na udongo magimbi na maharage. Mpakani hupandwa masale. Hayo si ua tu: jani la sale likipelekwa kwa uliyemkosea ni ombi la msamaha, na kulikataa ni jambo zito.

Maji hushushwa kutoka mitoni kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mkono tangu kabla ya wakoloni, na watu humwagilia kwa zamu. Ng'ombe wa zizini hula migomba na majani yanayobebwa kutoka tambarare, kisha samadi hurudi shambani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Heshima hiyo haizuii kihamba kukatwa vipande. Baba akigawa ekari mbili kwa watoto watatu, kila mmoja akajenga nyumba, kinachobaki hakilishi familia. Bei ya kahawa ikishuka, mibuni hung'olewa na miti ya kivuli huuzwa mbao. Hapo paa limeondoka, na udongo wa mteremko huenda na mvua.

Tukitazama mbali, Chuo Kikuu cha Thammasat, karibu na Bangkok nchini Thailand, kilikamilisha mwaka 2019 bustani ya mita za mraba 22,000 juu ya paa la jengo. Paa limechongwa ngazi kwa ngazi kama majaruba ya mpunga mlimani, ili maji yashuke polepole hadi kwenye mabwawa yaliyo chini. Hesabu hiyo mkulima wa Uru anaifahamu.

Ila msiige kwenye nyumba ya bati. Udongo uliolowa wenye kina cha sentimita 10 unaweza kufikia kilo 150 au zaidi kwa kila mita moja ya mraba, na kenchi za kawaida hazikujengwa kubeba hivyo. Asiye na eneo apande mchicha na sukuma wiki kwenye magunia uani, na maji ya paa ayakinge kwenye pipa.