Dira ikigeuka, Msambweni hatuhami

Juzi usiku ami yangu alinitumia video kwenye WhatsApp, ya dakika mbili na kidogo. Sauti ya roboti, muziki wa kutisha, picha ya dunia inapinduliwa kama chapati kwenye chuma. Inasema ncha za sumaku za dunia zinakaribia kubadilishana, kaskazini iwe kusini, na siku hiyo bahari itapanda ifunike pwani yote. Ami ni mvuvi hapa Msambweni, na ana mkopo wa mashine ya boti. Chini ya video akaandika: "Mwanangu, wewe unayesoma haya mambo, niendelee kulipa hii mashine ama niiuze?"

Sikucheka. Aliyetengeneza ile video amepata watazamaji wake, ami yeye ana deni. Nikamwambia anipe siku mbili. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanga tu vizuri kidogo.

Kwanza, video haikudanganya kila kitu. Ncha za sumaku hugeuka kweli, na zimegeuka mara nyingi sana. Lakini dunia yenyewe haipinduki. Kinachobadilika ni uga wa sumaku, unaotokana na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka huko chini, karibu kilomita 2,900 kutoka hapa tulipo. Mwendo wa kile chuma ukivurugika, uga hudhoofika, unatangatanga, halafu unaweza kusimama tena ukiwa umeelekea upande wa pili. Siku hiyo sindano ya dira inayoonyesha Lamu ingeonyesha Tanga. Na hata kusema "siku hiyo" ni kukosea, maana kazi yote huchukua maelfu ya miaka.

Sasa tumejuaje? Hapa ndipo mtu wa Kwale anaweza kuanzia jikoni. Udongo una chembe ndogo za chuma ndani yake. Ukiuchoma hadi nyuzi mia tano na themanini hivi au zaidi, zile chembe zinasahau zilivyokuwa. Ukipoa, zinashika uga wa sumaku wa wakati ule na kubaki nao. Meko ya kale ambayo hayajasogezwa yanaweka hadi mwelekeo. Chungu, kwa kuwa kinahamishwa, kinaweka kumbukumbu ya nguvu tu. Na sisi vyungu tunavyo: vile vilivyochimbwa karibu na mji wa Kwale miaka ya 1960 na Robert Soper, vya kama karne ya 3, ndivyo vilivyopewa jina la Kwale, na vyungu vya aina hiyo vimeonekana hadi Usambara na Upare. Kule Limpopo, kusini mwa Afrika, watafiti wamepima sakafu za nyumba na maghala ya nafaka yaliyochomwa na wakulima wa zamani, wakaona uga wa eneo lile ulidhoofika kati ya karne ya 13 na ya 16. Jamani, siku mtu atakapovipima vya Kwale hivyo mimi nitakuwa wa kwanza kubeba maji ya kunywa pale kwenye shimo.

Aliyegundua mgeuko wenyewe alitumia akili hiyohiyo. Bernard Brunhes, Mfaransa, alikuta udongo uliochomwa na lava kama tofali, na sumaku yake imeelekea kinyume na ya leo. Akaandika mwaka 1906. Mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama akasema mawe mengi ya volkano ya kale yako hivyo, na kwamba huenda dunia nzima iligeuka. Kwa miaka mingi wakubwa wa sayansi hawakutaka kusikia.

Halafu Afrika Mashariki ikaingia. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walipima lava ya chini kabisa kule Olduvai, Tanzania. Mawe mengi ya umri ule yana sumaku ya kinyume. Wakakuta inaelekea kama ya leo. Kumbe ndani ya kipindi kirefu cha kinyume kulikuwa na kipindi kifupi ambacho dira ilirudi "sawa", kama miaka milioni 1.95 hadi 1.77 iliyopita. Kipindi hicho dunia nzima hukiita Olduvai. Mtu anayechimba matope ya bahari karibu na Japani leo, akifika tabaka hilo, anataja jina la bonde la Wamaasai. Tena wamelikosea, Wamaasai wanasema Oldupai, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine. Na lile fuvu maarufu la Zinj alilolipata Mary Leakey mwaka 1959 lilikuwa juu ya lava hiyo, kwa hivyo mwenyewe aliishi wakati wa Olduvai.

Ushahidi ninaoupenda mimi zaidi uko hapa Kenya, Olorgesailie, barabara ya kwenda Magadi. Mgeuko kamili wa mwisho ulikuwa kama miaka 780,000 iliyopita, na alama yake imo ndani ya tabaka za pale. Sasa angalia. Kwenye tabaka za chini ya alama hiyo kuna mashoka ya mawe. Kwenye tabaka za juu yake kuna mashoka ya mawe, ya namna ileile. Waliokuwa wanachinja na kuchuna wanyama pale kabla ya dunia "kugeuka" na waliokuja baada yake walikuwa na kazi moja na chombo kimoja. Ukimwonyesha mtu yale mashoka hawezi kukwambia lipi ni la kabla.

Na Pwani yetu? Karibu miaka 41,000 iliyopita uga ulidhoofika vibaya sana, ukageuka kwa muda wa karne chache tu, ukarudi. Wakati huo tayari kulikuwa na watu hapa. Pango la Panga ya Saidi, Kilifi, lina tabaka za maisha ya watu kuanzia miaka 78,000 iliyopita, na ndimo alimozikwa yule mtoto mdogo waliyempa jina la Mtoto, habari yake ikatangazwa mwaka 2021. Mwaka huohuo watafiti fulani waliandika kwenye jarida la Science kwamba kudhoofika kule kulileta maafa na kuua wanyama wengi. Wenzao wengi walipinga, na mimi niko na waliopinga: tabaka za Panga ya Saidi hazikatikii pale.

Bahari je? Ami, nenda Diani ukatazame ile miamba ya matumbawe unayofungia boti. Ilikuwa mwamba hai chini ya maji, kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu ya ilivyo leo kwa mita kadhaa. Ilipandishwa na barafu iliyoyeyuka. Ncha wakati ule hazikuwa zimebadilishana. Na miaka 41,000 iliyopita, uga ulipokuwa hoi, bahari ilikuwa makumi ya mita chini ya leo. Yaani video imeshika kinyume kabisa. Bahari kweli inapanda sasa hivi, lakini sababu yake ni joto, na hiyo ina mjadala wake.

Sitasema hakuna cha kuogopwa. Tangu karibu 1840 uga umepungua kwa takriban asilimia 9, ingawa bado ni imara ukilinganisha na muda mrefu uliopita. Juu ya Atlantiki Kusini ni dhaifu kiasi kwamba setilaiti zikipita pale mitambo yake inasumbuliwa na mionzi. Ukidhoofika dunia nzima, setilaiti, nyaya za umeme na simu zitapata taabu, na sisi tulio karibu na ikweta, ambao leo uga unatukinga vizuri zaidi kuliko wa huko nchani, tutaipoteza faida hiyo. Lakini hewa bado itabaki juu yetu, nayo ni ngao nene.

Ami alisikiliza yote, nilimtumia kwa sauti. Akauliza swali moja tu: na kasa? Maana amesikia kasa wanajua njia kwa sumaku. Ni kweli, wanaihisi. Lakini kasa wapo tangu miaka zaidi ya milioni 100, na katika milioni 83 za mwisho tu ncha zimegeuka karibu mara 183. Bado wanakuja kutaga mayai Diani.

Akanyamaza kidogo. Halafu: "Haya basi. Nikopeshe elfu mbili, mwisho wa kulipa ni Ijumaa."