Kiassam na Kibosnia: Haki ya Jina la Lugha na Mipaka Yake

Kiassam huzungumzwa katika bonde la mto Brahmaputra, kaskazini-mashariki mwa India. Kibosnia ni lugha ya Bosnia na Herzegovina, katika rasi ya Balkani. Zote mbili ni za familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya: ya kwanza katika tawi la Kihindi-Kiarya, ya pili katika tawi la Kislavoni cha kusini. Undugu huo ni wa mbali, wala si sababu ya kuzilinganisha hapa. Kinachozikutanisha ni kwamba kila moja imewahi kuambiwa kuwa si lugha, bali ni sura tu ya lugha ya jirani. Makala hii inadai kwamba jina la lugha ni haki ya wanaoizungumza, na kwamba haki hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumnyima mwenzake haki kama hiyo.

Kimuundo, lugha hizi zimeachana sana. Kibosnia kimehifadhi jinsia tatu za kisarufi na hali saba za nomino, na mofolojia ya kitenzi chake hutenganisha tendo lililokamilika na lisilokamilika. Kiassam hakina jinsia ya kisarufi. Badala yake kina viainishi vinavyoambatana na nomino au namba kwa kufuata umbo au hadhi ya kitu: *manuhzon* ni yule mtu, *kitapkhon* ni kile kitabu. Nomino za ukoo nazo hubadilika kwa kufuata mwenye ndugu: *deuta* ni baba yangu, *deutara* ni babako, *deutak* ni babake. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na utaratibu huo.

Katika fonolojia, hata hivyo, kuna jambo linalozileta karibu. Kiassam kina kikwamizo cha kaakaa laini, kinachokaribia *kh* ya *kheri*, mahali ambapo Kibengali, lugha ya jirani, kina *sh*. Sauti hiyo imo katika jina ambalo wenyewe huiita nchi yao, *Oxom*. Kibosnia sanifu nacho hudumisha *h* katika *kahva*, *lahko* na *mehko*, ilhali Kiserbia sanifu kina *kafa*, *lako* na *meko*. Konsonanti moja imebeba utambulisho wa watu wengi kuliko kanuni zote za sarufi. Hapa ndipo hoja inapoanzia: umbali wa kimuundo hauwezi peke yake kuamua lugha ni ipi.

Historia inathibitisha. Mwaka 1836, miaka kumi baada ya Waingereza kuitwaa Assam kwa mkataba wa Yandabo, utawala ulifanya Kibengali kuwa lugha ya mahakama na shule. Hatua hiyo iliipuuza fasihi andishi ya karne nyingi, pamoja na kazi za mwandishi Sankardev, aliyefariki mwaka 1568. Utetezi ulitoka pande mbili. Wamisionari Wabaptisti kutoka Marekani walianzisha jarida la *Orunodoi* huko Sibsagar mwaka 1846, na mmoja wao, Miles Bronson, akachapisha kamusi mwaka 1867. Naye Anandaram Dhekial Phukan, mwenyeji wa Assam, aliandika utetezi wake mwaka 1855. Kiassam kilirejeshwa mwaka 1873.

Kibosnia kilipita njia nyingine. Jina hilo si la juzi: Muhamed Hevaji Uskufi alitunga kamusi ya Kibosnia na Kituruki mwaka 1631. Chini ya Austria-Hungaria ilichapishwa sarufi ya Kibosnia mwaka 1890, kisha mwaka 1907 jina rasmi likageuzwa kuwa Kiserbia-Kikroatia. Makubaliano ya Novi Sad ya mwaka 1954, kuhusu lugha hiyo, hayakulipa jina la Kibosnia nafasi yoyote. Mkataba wa amani wa Dayton wa mwaka 1995 ndio uliotiwa saini kwa Kibosnia, Kikroatia, Kiserbia na Kiingereza.

Wapo wanaopinga. Wanasema kwamba mtu wa Sarajevo, wa Zagreb na wa Belgrade huelewana bila mkalimani, kwa hiyo lugha ni moja. Hoja yao ina uzito, na Tamko la Lugha ya Pamoja la mwaka 2017 liliitetea kwa nguvu. Lakini Tamko hilohilo lilikubali kwamba kila jamii ina uhuru wa kusanifisha lahaja yake. Kuelewana ni suala la isimu, na jina ni suala la haki. Anayechanganya mawili hayo huishia kutumia isimu kama rungu, kama walivyofanya watawala wa Assam.

Haki hiyo ina mipaka. Sheria ya mwaka 1960 iliyokifanya Kiassam kuwa lugha rasmi ya jimbo zima la Assam iliamsha upinzani wa Wabengali wa bonde la Barak. Tarehe 19 Mei 1961 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji huko Silchar, wakafa watu 11. Waliowahi kunyang'anywa lugha walikuwa sasa upande wa wenye mamlaka. Ni baada ya damu hiyo Kibengali kilipewa nafasi rasmi katika bonde hilo. Bosnia nako, mfumo unaoitwa "shule mbili chini ya paa moja" umewatenganisha watoto wa Kibosniaki na wa Kikroatia katika jengo moja, kwa mitaala miwili, na lugha imekuwa miongoni mwa hoja za kuutetea. Haki ya jina imegeuzwa ukuta kati ya watoto wanaoelewana kila neno.

Sisi tunaofundisha isimu kwa Kiswahili tuna mjadala wa aina hii kuhusu Kikomoro na Chimwini: je, ni lahaja za Kiswahili au ni lugha zinazojitegemea? Tuufanye kwa kutenganisha maswali mawili: lugha zinafanana kiasi gani, na wenyewe wanajiitaje. La kwanza lijibiwe kwa data. La pili lijibiwe na wazungumzaji, na mtaalamu aliheshimu jibu lao, mradi wao nao waheshimu jibu la majirani zao.