Kuitisha Mkutano: Neno na Mizizi Yake

Kila mara tunasikia: «Chifu ameitisha mkutano». Juu ya nini hatusemi tu «ameita»?

Shina ni -ita, nalo si la pwani peke yake. Wabemba wa Katanga wanasema ukwita; Kinyarwanda kina kwita, ila kule ni kupa mtu jina. Sisi tunazo maana zote mbili: tunamwita mtoto aje, na tunamwita Furaha. Ukiongeza -isha, kazi inabadilika. Anayeita anatoa sauti yake mwenyewe. Anayeitisha anafanya watu waitwe, kwa mjumbe, kwa kengele, ao kwa ile ngoma ya mti, lokole, ambayo Walokele wa upande wa Kisangani walituma nayo habari toka kijiji hata kijiji. Yeye anaweza kukaa kimya nyumbani kwake. Njo maana neno hili linabeba mamlaka.

Kifaransa kilituletea «convocation». Mzizi wake ni Kilatini: con, pamoja, vocare, kuita. Hakuna ubaya ndani. Lakini kwetu mtu akiambiwa «bamekuletea konvokasyo», tumbo linamuuma mbele ya kuisoma, kwani karatasi ya polisi na ile ya komite ya wazazi zina jina moja! Mwaliko unaweza kuukataa. Konvokasyo, hapana.

Tena, aliyeitisha mkutano ana haki ya kuuvunja? Nchi yetu ililipa swali hili kwa damu. Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa Kinshasa tarehe 7 Agosti 1991, chini ya utawala wa Mobutu. Januari 1992 Waziri Mkuu Nguz Karl-i-Bond aliusimamisha. Tarehe 16 Februari wakristu wakashuka barabarani, wakidai ufunguliwe. Askari wakawapiga risasi, na wengi wakafa. Mwezi wa Aprili wajumbe walirudi, wakatangaza kwamba Mkutano una enzi yake wenyewe. Kwa maneno mengine: mwenye kuitisha si mwenye mkutano.

Tunaona alama ya jambo hilo katika Katiba ya 2006. Kwa vikao viwili vya kawaida vya Bunge na Senati, kile cha tarehe 15 Machi na kile cha 15 Septemba, iliandika kwamba vinafanyika kwa haki, bila kungoja ruhusa ya mkubwa yeyote. Hapo tarehe yenyewe njo inaitisha.