Eti Walitoka Shirazi

"Anaumwa" na "eti anaumwa" ni habari mbili. Anayesema ya pili amekufikishia alichosikia, lakini hataki umshike kuwa shahidi. Hajasema kwamba mgonjwa anaongopa. Pengine anaumwa kweli. Eti (wengine husema ati) linaiacha habari hapo hapo, haijakubaliwa wala kukataliwa. Magazeti hutumia "inasemekana", neno lenye adabu zaidi ila halina ule mguno.

Mimi nalihitaji neno hili kila ninaposoma tarihi ya Kilwa. Eti sultani wa Shirazi na wanawe sita walisafiri kwa majahazi saba, kila mmoja akashuka mahali pake. Aliyefika Kilwa eti alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mwenyeji akahamia bara, akipanga kurudi kupigana maji yakipwa. Wageni wakauchimba mkondo, asivuke tena. Hadithi tamu! Lakini iliandikwa katika karne ya 16, miaka kama mia tano baada ya mambo yenyewe.

Waandishi wengi wa wakati wa ukoloni waliifuta eti. Wakaichukua tarihi kama ilivyo, ikawa hoja kwamba miji ya mawe ya pwani ni kazi ya wageni. Katika miaka ya 1980 wasomi kama Derek Nurse na Thomas Spear walieleza jinsi lugha na miji hiyo ilivyochipuka hapa hapa Afrika. Ushirazi wakauona zaidi kuwa dai la hadhi. Baada ya hapo wasomaji wengi wakaitafsiri eti kuwa "uongo".

Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani. Damu ya Asia ilikuwemo, sehemu kubwa ikitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000. Kwa hiyo Waajemi tunaweza kuwaondolea eti. Majahazi saba na zile nguo bado.

Kuna jambo jingine ambalo mifupa ile ilionyesha. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, hasa kupitia wanawake. Tarihi yenyewe imejaa baba na wana wa kiume.