Mbwa wa kondoo aliyepigwa marufuku kwa ajili ya kondoo

Kila Aprili 22 wapenzi wa mbwa aina ya German Shepherd hukumbuka siku chama chao kilipoasisiwa mjini Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1899. Safari hii siku hiyo ilinikuta nje ya Tanga, shambani kwa rafiki yangu, nikisikiliza ubishi. Usiku nguruwe pori walikuwa wameingia kwenye mihogo na kufukua matuta matatu. Rafiki yangu ana dume wa German Shepherd aliyemnunua kwa bei ya ng'ombe. Vijana wa jirani wana mbwa wanne wa kienyeji, wembamba, masikio yao yamechanikachanika. Asubuhi tukaingia wote kichakani kuwafukuza wale wezi.

Wale wanne walipotea kwenye majani, na punde tukawasikia wakibweka mbali bondeni. Dume yule alitangulia hatua ishirini, akarudi, akatuzunguka, akamsukuma kwa pua kijana aliyekuwa amebaki nyuma, kisha akatangulia tena. Mpaka tunarudi hakuwa ameuona hata mkia wa nguruwe. Lakini hakuna mtu aliyepotea.

Vijana walicheka hadi wakakaa chini. Rafiki yangu aliudhika. Alisema mbwa ni mbwa, na huyu ana meno kuliko wote wanne wakijumlishwa. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Je, mbwa wa mchungaji naye atakuwa msasi?

Nimetafuta jibu kwenye kitabu cha mwasisi mwenyewe, Max von Stephanitz, kapteni wa zamani wa jeshi la farasi, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1923. Nakiri mapema kwamba nimemwegemea sana, na kwamba alikuwa shabiki. Mbwa wa kwanza katika daftari la chama, namba SZ 1, ni Horand von Grafrath, na kapteni alimsifia kama wengine wanavyomsifia mtoto wa kwanza.

Kilichomvutia kapteni kilikuwa kazi, na kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mashamba ya Ujerumani ya zamani hayakuwa na ua. Mchungaji alipitisha kondoo mia kadhaa kwenye ukanda mwembamba wa majani, huku na huku ngano ya watu. Mbwa ndiye aliyekuwa ua. Alikimbia kwenye mtaro uliochongwa na plau, kwenda na kurudi, kutwa nzima, na kondoo aliyeingiza mdomo kwenye ngano aling'atwa. Ila aling'atwa kwa adabu: shingoni, ubavuni au pajani, meno yashike na kuachia bila kutoboa ngozi. Mbwa aliyetoa damu alikuwa hasara, kwa kuwa mchungaji ndiye aliyelipa.

Ukimtazama mbwa huyo utamwona mwindaji ndani yake. Mbwa mwitu hunusa, hukodoa macho, hunyemelea, hukimbiza, hukamata, huua, hula. Mbwa wa kuchunga anaufuata mlolongo huohuo na kukatishwa njiani. Border Collie wa Uskoti na Uingereza amebakishiwa zaidi kukodoa na kunyemelea. Mjerumani amebakishiwa kukimbiza na kubana kidogo. Mbwa wa kulinda mifugo, kama Kangal wa Uturuki, amepunguziwa karibu yote: hukulia zizini pamoja na mbuzi, na hutakiwa asimkimbize mnyama yeyote, asimame tu kati ya mbuzi na adui na kubweka. Ndiyo maana tangu mwaka 1994 taasisi ya Cheetah Conservation Fund huko Namibia imekuwa ikiwagawia wafugaji mbwa wa Kituruki, ili duma afukuzwe kwa sauti badala ya risasi. Wanaowasimamia mbwa hao huliona kuwa tatizo pale mmoja wao anapoanza kuwinda swala.

Wajerumani wana neno kwa mbwa aliyefundishwa kupita karibu na sungura na paa kana kwamba hawapo: humwita msafi wa wanyamapori. Hiyo ilikuwa sifa kubwa kwa mbwa wa mchungaji, tena ilikuwa sifa ya kuokoa maisha, kwa sababu mwenye haki ya kuwinda aliruhusiwa kumpiga risasi mbwa anayekimbiza wanyama wake. Uwindaji ulikuwa mali ya wakubwa. Katika baadhi ya nchi za Kijerumani mbwa wa wakulima walifungwa gogo shingoni liwagonge miguu wakijaribu kukimbia. Uingereza ilikuwa kali zaidi. Hati ya Misitu ya mwaka 1217 iliweka utaratibu wa kukata makucha matatu ya mguu wa mbele wa mbwa wanaoishi ndani ya misitu ya mfalme, na ukaguzi ulifanyika kila baada ya miaka mitatu. Mwenye mbwa asiyekatwa alilipa shilingi tatu. Hati ikaongeza, kwa ukarimu, kwamba mtu asinyang'anywe ng'ombe kwa kosa hilo. Waliokumbwa zaidi ni mbwa wakubwa wa kulinda nyumba. Maofisa wa mfalme hawakuuliza kama mbwa wa ulinzi anafaa kuwinda. Walijua anafaa, ndiyo maana walimkata.

Safari ya upande wa pili nayo ipo. Great Dane tunayemwona leo kwenye mageti ya matajiri alikuwa mbwa wa kukamata nguruwe pori kwa ajili ya watawala wa Kijerumani. Polisi wa Hildesheim walipoanza kutumia mbwa mwaka 1896, waliwachukua hao.

Sisi watu wa pwani tulifundishwa tofauti hizi madrasa kabla ya kumsikia kapteni yeyote. Hadithi ya Mtume inawataja mbwa watatu wanaoruhusiwa kufugwa: wa kuchunga, wa kuwinda na wa shamba, kila mmoja na kazi yake. Na Adi bin Hatim alipouliza kuhusu windo la mbwa, alijibiwa kwamba mbwa akilila asilile yeye, kwani huenda amejikamatia mwenyewe. Sijaona kipimo cha mbwa wa kazi kinachokishinda hicho: anamfanyia nani kazi?

Swali hilo ndilo lililozua ugomvi mkubwa kuliko wote katika historia ya mbwa huyu, nao ulitokea mbali na Ujerumani.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza walirudi nyumbani na mbwa waliowaona kazini kwenye mahandaki. Tatizo likawa jina. Mwaka 1919 hakuna Mwingereza aliyetaka kutembea barabarani na kitu kinachoitwa cha Kijerumani, basi chama cha mbwa cha huko kikamwandikisha kama Alsatian Wolf Dog, mbwa-mwitu wa Alsace. Kwa kuukwepa Ujerumani wakamtwika umbwa mwitu. Neno hilo la pili liliondolewa baadaye, lakini lilikuwa limeshapanda meli.

Huko Australia kulikuwa na kondoo takriban milioni 100 na adui yao wa miaka yote, dingo. Wenye mashamba ya kondoo waliposikia kwamba mjini kuna watu wanafuga mbwa anayeitwa mbwa mwitu, walipiga kelele hadi bungeni. Hoja yao ilikuwa moja: mbwa huyo atatoroka, atazaa na dingo, na watoto watakuwa na ujanja wa dingo na umbo la Alsatian. Waliomtetea walijibu kwamba huyu ni mbwa wa kondoo, amezaliwa kwa ajili ya kondoo, kazi yake kwao ni kondoo. Jibu hilo halikumtuliza mtu, na mimi nawaelewa waliolikataa. Mfugaji yeyote, wa Queensland au wa Simanjiro, anajua kwamba mbwa wa jirani aliyefunguliwa usiku anaweza kuua mbuzi kumi bila kumla hata mmoja, na asubuhi akalala kibarazani kama mtoto yatima.

Mwaka 1929 serikali ikapiga marufuku kumwingiza nchini. Baadhi ya majimbo yakatunga sheria zake juu ya hiyo. Waliokuwamo tayari waliendelea kuzaliana wenyewe kwa wenyewe, damu mpya haikuingia, na hali ikaendelea hivyo miaka arobaini na ushee. Marufuku ililegezwa mwaka 1972 na kuondolewa kabisa mwaka 1974. Kichekesho ni kwamba mbwa wa ng'ombe wa Australia yenyewe, ambaye wafugaji walimpenda na kumwamini, ana damu ya dingo, iliyochanganywa makusudi katika karne ya 19 ili apate ustahimilivu.

Waingereza walimrudishia jina lake la Kijerumani mwaka 1977, wakaacha Alsatian kwenye mabano, na mabano yenyewe yakafutwa mwaka 2010. Huku kwetu bado wapo wazee wanaomwita Alsatian.

Mengine yanajulikana. Kondoo walipopungua Ulaya, kapteni alimpeleka mbwa wake polisi na jeshini. Mwaka 1916 shule ya kwanza ya mbwa wa kuongoza vipofu ilifunguliwa Oldenburg. Sinema zikafuata. Stephanitz alifariki Aprili 22, 1936, tarehe ileile ya kuzaliwa kwa chama chake.

Tangu hapo mbwa amegawanyika. Wapo wa maonyesho, mgongo umeteremka kama paa la kibanda, ambao sidhani kama wangemaliza nusu saa kwenye mtaro wa plau. Wapo wa kazi, na hao wamefika kwetu. Pande za Kilimanjaro Magharibi wamefuata nyayo za majangili. Usa River, karibu na Arusha, wao na binamu zao wa Kibelgiji, Malinois, wamefundishwa kunusa meno ya tembo kwa ajili ya bandari na viwanja vya ndege. Kwa hiyo mbwa wa mchungaji amekuwa mwindaji hatimaye, ila anayemwinda ni mtu. Anafuata harufu ya majani yaliyokanyagwa, pua chini, kamba mkononi mwa askari, wala hakengeuki swala akikatiza.

Ndicho asichoweza yule wa kienyeji, na ndicho asichohitaji. Mbwa wa wasasi wa Unguja na wa vijiji vya bara huachiwa wajiamulie wenyewe vichakani, mbali na macho ya mtu, wamzuie mnyama kwa kelele mpaka bwana wao afike. Tumewaita koko na mshenzi, tumewaacha bila chanjo, na wala sijaona mtu akiandika daftari la SZ 1 yao. Kwa kazi waliyotufanyia ni aibu.

Wiki iliyopita rafiki yangu alinipigia simu. Vijana wa jirani wanalipwa sasa, wao na mbwa wao, kulinda mihogo kila usiku wa giza. Yeye amenunua mbuzi sita, na dume yule anakwenda nao malishoni.