Kiti Hunyang'anywa, Ujuzi Haunyang'anyiki



Ukitoka Same kuelekea Mwanga, itazame milima ya Upare. Kule Ugweno, upande wa kaskazini, walitawala zamani Washana, ukoo wa wahunzi. Waliokota mchanga mweusi wa vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakapata chuma. Hata Wachaga walikifuata huko.

Simulizi za wazee, alizozikusanya mwanahistoria Isaria Kimambo, zinasema Wasuya chini ya Angovi waliwapindua. Enzi ikaondoka. Uhunzi ukabaki kwa Washana, maana ulikuwa mikononi mwao.

Ujuzi ule haukuandikwa. Moto umefika au bado? Hilo halielezeki kwa maneno. Unasimama pale, unavukuta, unaona. Baadaye chuma cha ng'ambo kikajaa, vijana hawakusimama tena tanurini, na uyeyushaji ukafa.

Sasa mtazame Mtume (S.A.W.). Alimpita kijana akichuna mnyama na hajui vizuri. Alimwambia asogee amwonyeshe, kisha akaingiza mkono wake mwenyewe kati ya ngozi na nyama, mpaka kwapani. Ameipokea Abu Dawud.

Basi wewe fundi, wewe mkuu wa ofisi, kijana mgeni kazini ni amana. Unamficha ujuzi ukihofia atachukua nafasi yako? Riziki iko kwa Allah. Mwonyeshe, kisha mpe chombo ashike mwenyewe, akosee ukiwa karibu. Elimu yenye manufaa humletea mtu thawabu hata akiwa kaburini.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwao. Aamin.