Kutembelea Kasongo na Kabambare: malafu, miembe na tongo za zamani

Kuko mabonde ambako watu wanasafiri paka juu ya mvinyo. Wanatembea katikati ya mizabibu, wanaonja, wanalala kwa mulimaji, wanarudi kwao na chupa. Ndugu zetu wa Dodoma, Tanzania, wako na mizabibu yao. Huku kusini mwa Maniema hakuna zabibu. Mvinyo yetu inashuka toka juu ya muti wa ngazi, na inanywewa siku ileile.

Sasa mugeni mwenye kuwa na siku tatu ao ine Kasongo na Kabambare atafanya nini? Hatakuta majumba makubwa yenye kuuza tiketi mulangoni. Atakuta miti, masoko, makaburi na wazee wenye kukumbuka. Hivyo ndivyo tuko navyo, na vingine vinaisha huku tunaangalia. Tumekusanya hapa mambo ya kuona, ya kufanya, na ya kuepuka.

Kwanza, ujue fasi uko

Kasongo na Kabambare ni teritware mbili kati ya saba za jimbo la Maniema. Muto mukubwa ni Lualaba, ule ambao chini zaidi unaitwa Kongo. Muto wa pili ni Luama: unatoka milima ya upande wa ziwa Tanganyika, unapita inchi ya Kabambare, unaingia Lualaba kusini ya Kasongo. Katikati ya mito hiyo miwili kuko mashamba ya muchele na muhogo, pori, na miti ya ngazi.

Luga ni Kiswahili, chenye wengi wanaita Kingwana. Jina hilo linatoka kwa waungwana, watu wa pwani na wale walioishi nao hapa tangu karne ya 19. Kila kabila iko pia na luga yake: Kabambare ni kwa Wabangubangu zaidi, na Kasongo utakuta Wakusu, Wazula na wengine.

Wakati muzuri wa kusafiri ni mwezi wa sita mpaka wa munane, wakati mvua inapunguka. Kisha hapo, barabara inakuwa matope, na safari ya siku moja inaweza kuchukua tatu.

Kunywa malafu asubuhi, kwenye shina la muti

Usinywe malafu yako ya kwanza sokoni. Uombe wenyeji wakupeleke kwa mugema, asubuhi mapema. Utamwona anapanda na mukanda wake wa kamba za pori kiunoni, kisu mukononi. Juu kabisa anakata kikonyo cha ua na kufunga kibuyu ao bidoni ndogo. Maji ya muti yanaanguka tone kwa tone usiku kucha.

Ile yenye imeshushwa sasa hivi ni tamu sawa sukari, na hata mutoto angeipenda. Lakini chachu iko tayari ndani yake. Saa sita ya mchana inaanza kuuma ulimi, mangaribi inalewesha, na kisha siku mbili ni siki. Ndio maana malafu haiwezi kusafirishwa mbali sawa mvinyo ya zabibu: lazima wewe ndiye uifuate. Waswahili wanasema mugema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi sifa kidogo, na lipa mbele ya kuondoka.

Uulize pia swali moja: muti huu unapandwa ao unaangushwa? Kuko namna mbili za kupata malafu. Mwenye kupanda anauacha muti ukiwa muzima. Anaweza kuupumuzisha na kurudi tena. Mwenye kuuangusha anapata malafu kwa majuma machache, kisha muti umekufa. Muti wa ngazi ukitunzwa vizuri unaanza kuzaa kisha miaka 3 ao 4, na unaweza kuzaa zaidi ya miaka 25. Ni ule ule wenye kutoa mafuta ya kupikia sombe, sabuni, na karo ya watoto kwa familia nyingi. Kuangusha muti juu ya malafu ya sikukuu moja ni kula mbegu. Mugeni mwenye kuwa na franga anaweza kusaidia: anunue kwa mwenye kupanda.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, lotoko si malafu. Ni pombe kali ya kuchoma, yenye kutoka kwa mahindi ao muhogo, na hakuna mutu anapima nguvu yake, uache. Pili, Maniema ni moja ya fasi zenye Waislamu wengi zaidi katika Kongo. Mwenyeji wako anaweza kuwa Muislamu. Usiingie kwake na bidoni ya malafu, usimulazimishe kuonja, na wakati wa Ramazani ukae mbali na kula ao kunywa mbele ya wenye kufunga.

Kutembea muji wa Kasongo

Utembee kwa miguu, asubuhi ao kisha saa tisa. Anzia sokoni: muchele wa huku, mafuta ya ngazi ya rangi nyekundu, samaki wa Lualaba wenye kukaushwa, karanga, ndizi. Kulima muchele kulikuja na watu wa pwani, na mupaka leo muchele wa Maniema unauzwa katika miji mingine.

Angalia miembe. Katika inchi hii yote, ukiona mistari ya miembe ya zamani, uulize ni nani alipanda. Mara nyingi jibu litakuwa waungwana, ao utawala wa Wabelgiji uliokuja nyuma yao. Hakuna maandishi juu ya muti, kwa hiyo muti wenyewe ndio maandishi. Ukikatwa kwa makala, hadisi yake inaenda nao.

Utaona pia misikiti, na misioni ya Katoliki. Kasongo ni jimbo la askofu tangu 1959. Na kwa watu wa afya, jina la Kasongo linajulikana mbali: katika miaka ya 1970, timu ya waganga wa hapa na wa chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, ilijaribu namna ya kuunganisha hospitali moja na vituo vidogo vya vijiji. Kazi hiyo ilikuwa moja ya mifano iliyosaidia inchi kupanga zoni za afya ambazo tuko nazo leo. Muuguzi mugeni akipita hapa, aende kusalimia.

Tongoni: Kasongo ya zamani

Muji wa leo si fasi ile ile ya zamani. Kasongo ya kwanza ilikuwa fasi yenye watu wanaita Tongoni. Tongo ni fasi nyumba zilibomoka na watu wakahama.

Hapo, katika miaka ya 1870, Hamed bin Muhammed el Murjebi wa Zanzibar, yule Tippu Tip, aliweka makao yake. Biashara yake ilikuwa pembe za tembo na watumwa. Kulikuwa nyumba kubwa za udongo, mashamba ya muchele, miti ya matunda. Yeye mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na alikufa Zanzibar mwaka wa 1905. Mwana wake Sefu ndiye alibaki huku wakati vita ilikuja. Tarehe 22 mwezi wa ine 1893, jeshi la Dhanis, la dola la mufalme Leopold, lilichukua Kasongo. Kwa wakaaji wengi, bwana mumoja alitoka, mwingine akaingia.

Miaka hii ya karibuni, wachunguzi wa Kongo na Ubelgiji walichimba Tongoni na kurekodi maneno ya wazee. Lakini mugeni asifikiri ataona kuta zimesimama. Udongo umerudi kuwa udongo. Bila mutu wa kukuonyesha, utapita katikati ya Tongoni na kusema hakuna kitu. Kwa hiyo umuone shefu, uombe muongozi, umulipe vizuri. Ukiona kipande cha chungu ao ushanga, ukiache pale pale. Kikiondolewa fasi yake hakisemi tena kitu.

Nyangwe, kando ya Lualaba

Nyangwe iko zaidi ya kilomita 50 toka Kasongo, kaskazini-magharibi, kwenye ukingo wa muto. Leo ni fasi ya utulivu. Zamani soko lake lilikuwa na jina kubwa, na wauzaji wengi walikuwa wanawake.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wa wafanya-biashara wa watumwa walipiga risasi ndani ya soko lile. Wengi walikufa kwa bunduki, na wengi zaidi walizama katika Lualaba wakijaribu kukimbia. Livingstone alikuwa pale, na alipelekewa hesabu ya wafu kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo aliandika juu ya gazeti la zamani, na wino ya mumea wa huku. Maandishi yalififia mupaka mwaka wa 2011, wakati wataalamu waliyasoma tena kwa msaada wa mianga ya namna mbalimbali. Habari ya Nyangwe ilipofika Ulaya, iliongeza nguvu ya wale waliotaka soko la watumwa la Zanzibar lifungwe. Lilifungwa mwaka wa 1873.

Ukifika Nyangwe, ukae kando ya maji kidogo bila kuongea. Si fasi ya kupiga picha za kucheka. Ukitaka kupanda mutumbwi, uende na muvuvi mwenye kujua maji, juu kuko viboko na mamba.

Kabambare na bonde la Luama

Toka Kasongo mupaka Kabambare ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea mashariki, kwa moto ao gari yenye nguvu. Ilikuwa njia ya misafara yenye kutoka Ujiji na ziwa Tanganyika. Wazungu wa wakati ule waliandika jina "Bambarre". Livingstone alikaa hapo miezi mingi kati ya 1869 na 1871, miguu ikiwa na vidonda. Mwezi wa kumi 1876, Stanley alifuata Luama mupaka Lualaba, kisha akakutana na Tippu Tip.

Mambo ya kufanya huku ni ya kijijini: kulala kwa wenyeji, kwenda shambani na Mama wa nyumba, kuonja malafu, kusikiliza hadisi kando ya moto wa jikoni.

Lakini tuseme wazi: si Kabambare yote inafikika. Upande wa Salamabila, karibu na zahabu ya Namoya, kumekuwa vita na utekaji wa watu. Kampuni Banro, iliyoanza kuchimba kwa biashara mwaka wa 2016, ilisimamisha kazi mwaka wa 2019. Mbele ya kwenda, uulize biro ya teritware, uulize wenye moto wenye kutoka huko, na usikilize habari za asubuhi. Wakikuambia bado, ukubali.

Namna ya kuuliza mambo ya zamani

Hapa ndipo wageni wengi wanaharibu. Katika muji mumoja, hata nyumba moja, kuko wajukuu wa wale walioshika bunduki na wajukuu wa wale waliofungwa kamba. Wameoana, wanasali pamoja, wanalima pamoja. Usimuulize mutu: "Babu yako alikuwa mutumwa?" Umuulize: "Muzee, wazazi wenu walifikaje hapa?" Atachagua mwenyewe kile anataka kusema.

Usalimie kwanza. Mwanaume mukubwa ni Papa ao Muzee, mwanamuke ni Mama. Kwa Muislamu, salamu aleikum inafungua mulango. Ulete sukari, chumvi ao sabuni. Uombe ruhusa mbele ya kurekodi, na kisha kurekodi, umuachie kijana wa nyumba nakala ya sauti. Muzee akifa bila kurekodiwa, Kasongo nzima inapoteza.

Mbele ya kuondoka

Njia: toka Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za barabara. Reli ya Kindu–Kongolo inapita ngambo ingine ya Lualaba, kwa Kibombo na Samba. Treni haina saa ya hakika. Kasongo iko na kiwanja kidogo cha ndege.

Karatasi: ukifika, ujitambulishe kwa biro ya teritware na kwa watu wa uhamiaji, kisha kwa shefu wa kijiji. Usipige picha za daraja, kiwanja cha ndege ao askari.

Afya: chanjo ya homa ya manjano, chandarua, dawa ya malaria, maji ya kuchemsha.

Pesa: ubebe franga ndogo ndogo.

Ukiwa na siku ine, panga hivi. Siku ya kwanza: soko na miembe ya Kasongo. Ya pili: malafu asubuhi, Tongoni mangaribi. Ya tatu: Nyangwe, kwenda na kulala. Ya ine: kurudi, na chakula cha muchele, sombe na samaki kwa mwenyeji wako. Kabambare inaomba siku zingine tatu, na njia yenye usalama. Na kama wewe ni mutoto wa Kasongo mwenye kukaa Kindu, Goma ao Lubumbashi, usiende peke yako: wapeleke watoto wako.